Kilima Hakionekani

Jamani, nisikilizeni, hasa nyinyi mnaopenda kusema "mambo shwari" huku bati linavuja.

Nyumba ya Mwewe ilikuwa ya amani. Ilikaa pembeni mwa kiwanja kidogo cha ndege katikati ya msitu, nguo zikikauka uani, mbuzi wakifukuzwa kila injini ikisikika. Mwewe alikuwa rubani. Mkewe alikaa na redio mezani akiwaeleza marubani hali ya hewa, ndiyo maana tukamwita Mama Redio. Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Mbele ya kiwanja kuna kilima. Kikionekana, ndege ije. Kisipoonekana, irudi mjini.

Sasa angalieni ubaya ulivyoingia. Dada yake Mwewe alikuwa na duka pale. Ndege ikirudi mjini na mzigo, hana cha kuuza, na hapo huja kwa Mama Redio amekunja uso.

"Wifi, mwambie kinaonekana. Kaka yangu atajipenyeza tu. Kwani leo ataanza?"

Mara ya kwanza Mama Redio alikataa. Mara ya pili akaona haya, akadanganya. Ndege ikatua salama, sukari ikapatikana, wakacheka. Basi uongo ukazoeleka kama chumvi.

Siku moja wingu lilishuka tangu alfajiri, likakimeza kilima chote.

"Mama watoto," redio ikaita, "kilima unakiona?"

Wifi yake, yule mwenye duka, alisimama mlangoni, amemkazia macho.

"Nakiona, baba watoto. Njoo."

"Haya, bandika chai."

Ndege ilipita juu ya bati, ikageuka, ikapita tena chini zaidi. Kisha tukasikia kishindo. Vijana walimtoa Mwewe akiwa maiti ubavuni mwa kilima kile kile, na mimi moyo wangu haujatulia mpaka leo.

Mnadhani yaliishia hapo? Thubutu. Mama Redio alianza kumsikia mumewe. Anasema Mwewe anamwita redioni kwa upole ule ule, anauliza swali lile lile, na yeye humjibu, "Sikioni, baba watoto. Rudi." Marubani wengine wakiita hata jua likiwaka, huwajibu hivyo hivyo. Wakageuza mmoja mmoja. Tukakaa bila mzigo.

Kisha binti mdogo wa Mama Redio akashikwa na homa kali. Ndege ya dawa ikatumwa, mbingu safi, kilima kinaonekana wazi. Rubani akaita akiwa bado mbali.

"Sikioni," akasema Mama Redio. "Rudi."

Wifi akampokonya kipaza sauti. "Kinaonekana, mwanangu. Naapa kinaonekana. Njoo, mtoto anatutoka."

Halafu rubani akajibu taratibu, bila hasira:

"Mama, hata Mwewe aliambiwa hivyo."

Akageuza. Wifi aliendelea kuapa kwenye redio isiyomjibu mpaka sauti ikamkauka, na Mama Redio kando yake anabembeleza, "Rudi, baba watoto, rudi."

Tulimzika mtoto kesho yake, jua linawaka.

Funzo

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini wanaoufikia mwisho wake mara nyingi ni wengine. Uongo wa kumridhisha ndugu hauna udogo. Ukishazoeleka, siku utakapokuwa na ukweli wa kuokoa roho, hutapata wa kukuamini. Mwenzako akikuuliza unaona nini, mwambie unachokiona. Akinuna, atanuna akiwa hai.