Abiria wa Kiti cha Kushoto

Kiti cha kushoto kilikuwa kimebonyea.

Zabroni alikikuta hivyo asubuhi ya Jumanne, alipofungua mlango wa gari alilomaliza kulipaka rangi jana yake. Kitambaa kipya, sponji mpya, na hakuna mtu aliyewahi kukikalia. Lakini katikati palikuwa na shimo la mtu mzima aliyekaa muda mrefu. Akakipigapiga kwa kiganja, sponji ikainuka. Alipozunguka upande wa dereva, kilikuwa kimebonyea tena.

"Sponji za siku hizi," akasema peke yake. Kusema peke yake alikuwa amekuzoea.

Tangu mkewe Mabel afariki, miaka miwili iliyopita, nyumba ya fundi Zabroni pale Masasi ilikuwa kimya mpaka unasikia bati likilia kwa jua. Binti yao, Ethel, aliolewa Dodoma, akawa mtu wa simu za Jumapili. Kila jioni, akirudi gereji, Zabroni alibisha mlango wa nyumba yake mwenyewe. "Hodi!" Kisha, kwa kuwa hodi isiyojibiwa inauma, akajijibu: "Karibu." Majirani walidhani ni utani, na yeye hakuwasahihisha.

Dada yake Selestina, mjane wa Chilangala, kule juu Newala, ndiye aliyekuja na dawa. "Wewe peke yako, mimi peke yangu, tunachafua sufuria mbili za nini?" alimwambia kwenye simu. "Njoo unichukue na vitu vyangu. Tukae wote, tugombane."

Zabroni alifurahi kama mtoto. Hakuwa na gari la mizigo, ila alilijua moja: Land Rover kuukuu iliyolala Nanganga miaka tisa chini ya mkorosho, majani yameota hadi kwenye usukani. Mwenyewe alimpa bure, tena akaondoka hata kabla halijafungwa kamba ya kuvutwa. Cha bure kina mwenyewe, lakini fundi mwenye furaha haulizi maswali.

Alilikata nyuma ya viti vya mbele, akang'oa paa na mabenchi ya nyuma. Mlango wa nyuma akausogeza mbele, ukawa ukuta wa kebini, na kioo chake kikakaa kisogoni mwa dereva. Kule nyuma akachomelea fremu ya vyuma na kutandaza mbao. Likatoka pikapu, lenye sura ya mtu aliyenyolewa na ndugu yake, lakini imara.

Sasa, pale gereji kwao wana kawaida yao. Gari lililolala miaka porini halikatwi kimyakimya. Unagonga bodi mara tatu, unapiga hodi, unanyamaza. Akiwemo nyoka, atoke. Kikiwemo kingine, nacho kitoke. Ndipo unawasha grenda ya kukatia chuma. Zabroni aligonga mara tatu. Akapiga hodi. Halafu, kwa mazoea yale ya mlangoni kwake, ulimi ukamponyoka: "Karibu." Akawasha grenda, akakata.

Siku tatu alilijaribu gari barabarani. Siku ya kwanza kebini ilinuka mabibo yaliyooza, na ulikuwa mwezi wa Aprili, hakuna mkorosho hata mmoja wenye bibo. Akasali sala zote alizofundishwa kanisani. Siku ya pili alisikia springi za kiti zikilia kila alipofunga breki, kama kuna mtu anajizuia asianguke mbele. Siku ya tatu, sijui kwa woga au kwa nini, akaanza kuongea. Aliongea habari za Mabel, za wiki ile ya mwisho hospitali, mambo ambayo hata Ethel hakuwahi kuambiwa. Hakuwa Mabel pale, alijua. Mabel angeshamkatiza mara kumi. Huyu alisikiliza tu. Zabroni aliponyamaza kufuta machozi, kioo cha kushoto kikafunikwa na ukungu wa pumzi, kikakauka, kikafunikwa tena, na karibu kabisa na sikio lake, kwa sauti isiyo ya kiume wala ya kike, mtu akanong'ona: "Endelea."

Kesho yake alipanda Newala, na kabla ya kufika kwa dada yake akapita sokoni kwa Bibi Mwanakombo, muuza dagaa ambaye watu humwendea kwa mambo mengine pia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Bibi alilitazama gari kwa mbali. "Sema taratibu, baba. Anasikia." Akamwinamia. "Huyo alikuwa anakaa nyuma. Umemvunjia chumba, halafu ukamkaribisha mbele. Ulitaka afanye nini?"

"Mtoe, bibi. Dada yangu anakuja kukaa nami."

"Mimi simtoi. Aliyekaribisha ndiye anayefukuza. Nitafukiza ubani, nitamwaga maji kwenye magurudumu, na unajua maji yalivyo adimu huku kwetu. Lakini neno ni lako. Sema: karibu yangu nimeiondoa, shuka. Useme kwa moyo. Ukisema kwa mdomo tu, atashuka akutazame, kisha atapanda."

Ubani ukafuka, maji yakamwagwa, na Zabroni akasema kwa sauti kavu, "Karibu yangu nimeiondoa. Shuka." Harufu ikakatika. Sponji ikainuka polepole. Wakati inainuka akakumbuka lile neno, endelea, na kifuani mwake kitu kikasema pole. Hakumwambia bibi.

Chilangala walipakia godoro, kinu, masanduku na kuku wawili. Selestina akapanda mbele, akaanza kusema tangu gari halijawaka: Zabroni amekonda, ana shati la aibu, kesho atapika kisamvu. Zabroni akacheka, mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Jua lilikuwa bado juu walipoanza kuteremka mlima.

Kwenye kona ya pili Selestina akanyamaza katikati ya neno.

"Zabroni," akanong'ona. "Simamisha gari."

"Nini, dada?"

"Nimepakatwa."

Akageuka akamwona dada yake amekaa juu kuliko alivyokaa mwanzo, magoti yamegusa dashibodi, kichwa kimekaribia paa, mikono ameibana kifuani asiguse kitu, na gauni lake kiunoni limekunjamana kama limeshikwa kwa viganja viwili, na harufu ya mabibo imejaa hata macho yanawasha. Akakanyaga breki. Selestina akaanguka nje, akatambaa hadi majanini.

Kisha akauliza, "Ulijua?"

"Nilimfukuza, dada. Leo asubuhi."

"Ulitaka aondoke?"

Zabroni alifungua mdomo. Alitaka kusema ndiyo, na ndiyo haikuja.

Selestina alilia, akamshika shavu mdogo wake kwa mkono wenye mavumbi. "Nishushie vitu vyangu," alisema.

Lori la kupanda Newala likamchukua, yeye na kuku wake na vitu vyake vyote. Zabroni alibaki kando ya barabara mpaka mlio wa lori ukaisha. Ndipo akarudi kwenye usukani, akateremka taratibu na pikapu tupu, machozi yakimtoka, kiti cha kushoto kikilia kila kona.

"Nyumbani kwako kuna vyumba vingapi?" sauti ikauliza.

Zabroni aliendesha mpaka bondeni.

"Viwili," akajibu. "Kimoja nimeshakitandika."