Jiwe Jeupe la Kisima

Kila siku Lusia alirudi kutoka shuleni saa nane, akala, akalala kidogo, kisha akachukua ndoo mbili na kwenda bustanini. Bustani ilikuwa nyuma ya ghala la shirika moja la umma, pembeni mwa mji wa Lindi. Shirika lilipofungwa, baba yake Lusia na wenzake wengi walibaki bila kazi. Akina mama wa mtaa wakaunda kikundi, wakapewa eneo lile na kuligawa vipande vya kukodisha. Kila familia ililipia kipande chake kwa msimu. Mboga za kipande chao ndizo zilizomvalisha Lusia sare ya darasa la sita.

Bustani nzima ilitegemea kisima kimoja, nacho kilikuwa na sharti. Katika ukuta wake wa ndani kulikuwa na jiwe jeupe. Maji yakishuka mpaka jiwe lionekane, watu huacha kuchota na kusubiri yapande. Bahari haikuwa mbali. Maji ya juu yalikuwa matamu, lakini anayechota chini ya jiwe huivuta chumvi ipande. Aliyevuka jiwe alinyang'anywa kipande.

Tabu ya Lusia haikuwa kisima. Ilikuwa Stefania, jirani yake wa bustani na wa dawati. Mchicha wa Stefania ulikuwa na majani mapana, bamia zake zilimfika kiunoni. Kila alasiri Lusia alitazama matuta ya mwenzake kabla ya kutazama yake, na roho ikamuuma.

"Mboga zako unazinywesha uji?" alimuuliza siku moja.

Stefania alicheka. "Maji tu, na samadi ya mbuzi. Njoo alfajiri tuchote wote."

"Sema ukweli. Mlipewa kipande cha karibu na kisima."

Jioni ile Lusia alilalamika kwa mama yake, aliyekuwa akimenya mihogo. "Mama, akina Stefania wanapendelewa."

"Umepima?"

"Si inaonekana tu."

"Ninachokiona mimi ni mtu anayelala mchana, akifika kisimani jiwe liko nje. Kojoa ulale, uamke mapema."

Lusia aliamka mapema kweli, lakini si kwa nia njema. Alifika kisimani kabla hakujapambazuka vizuri. "Leo na yeye alikute jiwe," alijisemea. Alipotoa ndoo ya kumi, jiwe likajitokeza. Hakuacha. Alimwagilia matuta yake mpaka yakatota, akachota tena na kumwaga ovyo kwenye nyasi. Aliposikia mtu akikohoa njiani, akapita nyuma ya ghala na kurudi nyumbani.

Aliyekohoa alikuwa Stefania. Alichungulia kisimani, akaona maji yako chini sana ya jiwe. Aligeuka na ndoo tupu, na njiani akakutana na Mama Magdalena aliyekuwa anakwenda kuchota.

Kwa siku tatu kisima kilikuwa cha chumvi. Miche ililegea. Majani yalikauka pembeni kama yaliyobabuliwa na moto, na ya Lusia ndiyo yaliyotangulia, kwa sababu matuta yake ndiyo yaliyokunywa chumvi nyingi kuliko yote.

Jumamosi, maji yalipokuwa matamu tena, Bi Mwanaheri, mwenyekiti wa kikundi, aliwaita wanachama. "Nani amevuka jiwe?"

"Mimi nilimkuta Stefania anatoka kisimani," alisema Mama Magdalena. "Na kila siku wa kwanza ni yeye."

"Nilikuta jiwe liko nje, nikarudi," alisema Stefania.

"Kumbe jiwe limepanda lenyewe," mtu alidakia, na wengine wakacheka. Romana, mama yake Stefania, alimshika mwanawe bega.

Bi Mwanaheri hakucheka. "Sharti mnalijua. Kipande kitakwenda kwa jirani. Lusia, nasikia unakitamani. Anza leo."

Lusia alifurahi, tena sana. Alijaza ndoo zake na kuelekea kwenye kipande alichokionea kijicho muda wote ule. Njiani akahesabu hatua. Hatua arobaini, akafika kwenye matuta yake mwenyewe. Akaendelea. Alipofika kwa Stefania, zilikuwa sitini na tano, na vishikio vya ndoo vilikuwa vimemkata vidole.

Stefania alikuwa akichukua jembe lake. Macho yake yalikuwa mekundu. "Bamia usizimwagie juu," alisema bila kumtazama. "Mwaga kwenye shina. Na mchicha wa huku ukatwe Jumatatu, ukichelewa utakomaa."

Lusia alitua ndoo. "Acha jembe lako hapo hapo," alisema, kisha akakimbia kwa Bi Mwanaheri, aliyekuwa bado amesimama na akina mama.

"Bi Mwanaheri, ni mimi niliyevuka jiwe."

"Rudia, wasikie wote."

Akarudia. Alipoulizwa sababu, alisema, "Nilitaka mboga za Stefania zikauke." Mama yake aliinamisha kichwa.

Stefania alirudishiwa kipande chake, na Mama Magdalena akamwomba radhi yeye na Romana mbele ya watu. "Lusia, na ninyi mtabaki na chenu kwa sababu umejisema mwenyewe," aliamua Bi Mwanaheri. "Lakini msimu mzima utakuwa mlinzi wa jiwe kila alfajiri. Likionekana, wewe ndiye wa kusema basi."

Wiki mbili baadaye, Lusia aliinama kisimani. Matuta yake mapya yalikuwa na miche midogo, na ndoo yake ya pili ilikuwa tupu. Jiwe likajitokeza.

"Basi," alisema. "Na mimi pia."

Mama yake, aliyekuja kusaidia kupalilia, alikuwa amesimama nyuma yake. "Sasa sikiliza, kwa sababu sirudii. Ulihesabu majani ya mwenzako, hukuhesabu ndoo zake. Wivu wako umetukosesha mboga, na kidogo umkoseshe Stefania kipande chake. Mtu akikuzidi, muulize anafanyaje, kisha fanya. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, usingoje mwingine aadhibiwe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Haya. Mwite Stefania akuonyeshe anakotoa hiyo samadi."