Mchoro Nyuma ya Kuponi

Saa nne asubuhi ukumbi wa vitabu vikuukuu pale mtaa wa Kanda ulifunguliwa, na watu wakaingia kwa viwiko. Fusae, gauni la buluu na raba za kukimbilia, alilivamia sanduku la kwanza akashika jarida la katuni za wasichana, la enzi za utoto wake. Mkono wa mwanamume ukashika upande wa pili. Fusae hakubishana naye; alimng'ata.

"Mama yangu! We dada, hujanywa chai?"

"Achia!"

"Nimeachia zamani! Achia wewe, hicho ni kidole changu!"

Damu inamtoka na bado anacheka, mwanamume gani huyu! Jina lake Tetsuji, mrefu, shati jeupe lililokwisha kuharibika. Mchana wakala tambi pamoja, na jioni simu ya Fusae ikalia.

"Mng'ata watu hajambo?"

"Hajambo. Kidole je?"

"Kinakuulizia. Kinasema kimekuzoea."

Basi, mapenzi yakashika moto, na kabla mwaka haujaisha walikuwa chumba kimoja. Tetsuji alijua mpenzi wake anatafuta nini. Dada yake Fusae, Chizu, alituma mchoro kwenye jarida lile la katuni akiwa mtoto, ukachapishwa katika toleo la Januari, ukurasa wa wasomaji. Mwaka huohuo baba yao, mlevi yule, alimpiga Chizu mpaka akamuua, kisha akachoma uani kila kitu chake. Haikubaki hata picha. Mchoro ule tu ndio uliokuwa umesalia wa Chizu duniani.

"Nitakupatia, mpenzi," Tetsuji alimwambia. "Hata nikimalizwa vidole vyote."

Jumapili moja Fusae alikuwa akipanga kabatini magodoro yao ya kukunja, akaliona. Toleo la Januari, limeviringishwa kwenye karatasi laini, limesukumwa nyuma kabisa. Damu ikamchemka. Kumbe analo! Kalificha, anataka kuliuza!

Tetsuji alipoingia na mfuko wa machungwa, hakuulizwa neno. Alipokelewa kwa birika la chuma usoni.

"Mwizi! Unataka kumuuza dada yangu!"

"Fusae, ngoja, nisikilize..."

Birika likashuka tena. Nyusi ikapasuka, machungwa yakatapakaa sakafuni, Tetsuji akaanguka juu ya machungwa hayo. Fusae alimpiga mateke ya mbavu, akampiga tena na tena mpaka yeye mwenyewe akaishiwa pumzi. Tetsuji alijikinga kichwa tu, hakurudisha hata kofi.

"Fungua ukurasa wa wasomaji," alisema hatimaye.

Akafungua. Palikuwa na jina la Chizu, na juu yake tundu. Upande wa pili wa karatasi palikuwa na kuponi ya kushindania mwanasesere, na msichana aliyekuwa na jarida hilo aliikata kwa mkasi, kama walivyokata wenzake wengi. Mchoro ulikwenda na kuponi.

"Nilishindwa kukuonyesha tundu," Tetsuji alisema. "Nikawa natafuta lisilokatwa."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa jarida jingine. "Leo nimelipata."

Akalilaza mbele ya Fusae, ukurasa wa wasomaji umefunuliwa. Wasichana wawili chini ya mwavuli mmoja, mkubwa amelowa, mdogo mkavu. Chini yake: *Mimi na mdogo wangu Fusae.* Fusae akalia kwa sauti, kama msiba ni wa leo.

Alipoinua uso, Tetsuji alikuwa mlangoni anavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kushonwa."

"Twende wote, mpenzi wangu. Nisamehe! Sikujua!"

"Nimekusamehe. Baki."

"Lakini utarudi?"

Alijifuta jicho kwa mkono wa shati. "Nakupenda, Fusae. Ila leo nimeonana na baba yako."

Mlango ukafungwa taratibu. Fusae alitaka kumgusa Chizu pale kwenye karatasi, akanyoosha kidole, akaona mikono yake imejaa damu. Akairudisha mapajani.