Jina la Tupokigwe

Jumatatu, tarehe 9 Juni 1975, saa mbili asubuhi, Kasian Kalinga alifungua mlango wa kiwanda chake kidogo cha uchapaji mjini Iringa, akakuta karatasi moja juu ya mashine. Ilikuwa na jina la marehemu mkewe, Tupokigwe. Wino ulikuwa mbichi. Ufunguo wa mlango ulikuwa mmoja, na alikuwa nao yeye.

Jina lile alilipanga mwenyewe mwezi uliopita, kwa kadi ya mazishi, kwa zile herufi za kizamani zilizoachwa na mpiga chapa wa Kijerumani. Herufi za madini ya risasi, nene tumboni, nyembamba shingoni, ncha zake zimejikunja kama vikonyo vya maharage. Hazikufaa kwa habari. Mistari mitatu tu ilichosha macho. Kazi yake ilikuwa majina: ya arusi, ya ubatizo, ya kifo. Na kwa kuwa zilikuwa chache, jina la marehemu likishachapwa lilivunjwa siku hiyohiyo, herufi zikaoshwa kwa mafuta ya taa na kurudi kwenye droo. Hili Kasian hakulivunja. Alilizungushia uzi akaliweka rafuni. Nyumbani kwake, mtaa wa Ipogolo, hapakuwa tena na mtu.

Alimwonyesha karatasi Apolonia, mshona vitabu wa hapo kiwandani.

"Ananiita pia," Kasian alisema kwa sauti ya chini. "Mchana, ukienda kula."

"Anakuitaje?"

"Kasian."

"Basi si yeye. Yule alikuita kwa kabila lako, Mhehe, hata mbele ya padri." Apolonia alisogea karibu. "Kaka, umeacha jina halina mwenyewe, jini limehamia humo. Livunje."

"Nikilivunja nitabaki na nani?"

Apolonia alirudi kwenye vitabu vyake.

Alhamisi mchana, Kasian akiwa peke yake, herufi zilianza kugongana ndani ya droo, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu gizani, kisha harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa ikaifunika harufu ya wino, na gurudumu la mashine likazunguka bila mguu kwenye kanyagio, likatema karatasi moja, na nyingine, huku pumzi baridi ikishuka shingoni mwake na sauti ikimtaja jina kwa upole ambao hakuwa ameusikia tangu mazishi, mpaka akajikuta amefungua mdomo kuitikia.

Ijumaa, Kasian alipomsimulia, Apolonia alimsimamia alivunje jina. Alisali rozari, Kasian alikata uzi, akaosha herufi moja baada ya nyingine, akazirudisha. Harufu ilikwisha. Gurudumu lilitulia.

Apolonia alitoka kumwaga mafuta machafu. Akiwa nje alimsikia Kasian akinong'ona, "Twende nyumbani."

Saa kumi na mbili jioni, jirani yake wa Ipogolo, Ezekia, alimwona Kasian akifungua mlango wa nyumba yake, kisha akisimama kando kama anayempisha mgeni atangulie. Ezekia hakuona mgeni. Kasian aliingia, mlango ukafungwa.