Mwisho wa Kitabu Uliovutwa na Babu Clemens

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi Epifania alifanya kazi zake mbio kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Alifagia uwanja, akachota maji, akawatoa mbuzi, kisha akavaa sweta lake la kijani lenye matundu kwenye viwiko, huyo, njia ya Sumbawanga mjini. Ni mwendo wa saa moja na nusu, upepo wa Ufipa unamchapa usoni, na yeye wala hausikii. Siku hiyo maktaba ilikuwa inauza vitabu vikuukuu.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha nyuma, zamani stoo ya mafagio. Ndugu Ambilikile, mtunza maktaba aliyehamia kutoka Mbeya, alikaa mlangoni na penseli nyekundu. Sheria yake ilikuwa fupi: kitabu kizima shilingi moja, kilichopungua kurasa senti thelathini. Kila kilichopungua alikiandikia ugonjwa wake ukurasa wa kwanza, kama daktari. Hiki hakina jalada. Hiki panya wamekula sura ya pili.

Epifania alikuwa na miaka kumi na miwili na jicho kali la vitu rahisi. Kijijini walimwita Waziri wa Biashara, na jina hilo lilimkaa kichwani kama kofia. Safari hii alitumwa na watu wazima. Darasa la kisomo, wazee na akina mama waliokuwa wanajifunza kusoma na kuandika, walichanga shilingi moja wanunuliwe kitabu cha hadithi. Bibi yake, Bibi Bertilla, ndiye alikuwa kiranja wa darasa.

"Tuletee kitu cha kusisimua," alimwambia. "Usituletee cha mbolea. Mbolea tunaijua."

Epifania alikiona kitabu chake mara moja: hadithi ya mjane aliyeibiwa ng'ombe usiku, na zizi lilikuwa na kufuli. Kilikuwa kizima. Shilingi moja. Basi angerudi na kitabu kimoja tu, kama mtu yeyote. Waziri mzima?

Akachungulia mlangoni. Ndugu Ambilikile alikuwa anachonga penseli. Epifania akajibanza nyuma ya rafu, akakohoa kwa nguvu, na katikati ya kikohozi akachana karatasi nne za mwisho. Akazisukumia ndani ya sweta. Nyumbani atazibandika kwa uji wa ngano, nani atajua?

"Ajabu hii," Ndugu Ambilikile alisema akikigeuza kitabu. "Hiki nilikisoma juzi, kilikuwa na mwisho."

Epifania aliangalia dari. Dari lilikuwa zuri sana siku hiyo.

Ndugu Ambilikile akaandika kwa nyekundu, akapokea senti thelathini. Kwa pesa iliyobaki Epifania akanunua kitabu cha kufuga samaki na ratiba ya meli za Kipili ya miaka sita iliyopita, akarudi kijijini na vitabu vitatu na senti kumi za chenji. Bibi Bertilla alimpigia vigelegele. Mzee Wilibrodi, mwanafunzi mkongwe kuliko wote, aliifungua ratiba, akasoma kwa kidole, kisha akasema kwa huzuni, "Meli hii nimeshaikosa."

Siku ileile Epifania akaziweka zile karatasi nne, bado hajazisoma, juu ya kinu kilichopinduliwa, akaweka jiwe, akaenda jikoni kukoroga uji wa kubandikia. Aliporudi, jiwe lilikuwepo. Babu Clemens naye alikuwepo, kwenye kigoda chake, anavuta.

"Babu, karatasi zilizokuwa hapa ziko wapi?"

"Zipi?"

"Zenye maandishi."

"Aa, hizo." Babu aliutazama msokoto wake kwa mapenzi. "Karatasi nzuri sana, mjukuu wangu. Inaungua polepole. Magazeti yanakohoza."

"Zote nne, Babu?"

"Wilibrodi alipita na wenzake. Sasa mgeni nimnyime moshi?"

Epifania akakaa chini palepale, na bakuli la uji mkononi. "Babu, mmevuta mwisho wa hadithi."

"Imebaki robo," Babu alisema, akamnyooshea kile kipisi. "Unaitaka?"

Kila Jumatatu na Alhamisi, alasiri, Epifania alilisomea darasa. Kitabu kiliwaingia mpaka kwenye mifupa. Watu walibishana kisimani, walibishana shambani kwenye matuta ya maharage: mwizi ni shemeji, mwizi ni jirani. Mzee Wilibrodi, ambaye alishauvuta ukurasa wa mwizi bila kujua, ndiye alikuwa na hamu kuliko wote. Epifania akaanza kusoma taratibu, ukurasa mmoja kwa siku, kisha nusu, kisha aya moja na kikohozi kirefu. Lakini kurasa hazizai. Wiki ya tatu zikaisha.

"Haya, mwizi nani?" Mzee Wilibrodi akauliza.

Epifania akakiinua kitabu kimfunike uso. "Mwizi... alikuwa fisi. Mwisho."

Darasa likatazamana.

"Fisi gani huyo ana ufunguo?" Bibi Bertilla akauliza. "Hebu lete hapa."

Epifania hakuwa na wasiwasi sana. Tangu azaliwe, kumwonyesha Bibi kitabu kulikuwa sawa na kumwonyesha mbuzi. Alichosahau ni kimoja tu: kisomo kilikuwa na mwezi wa nane sasa. Bibi Bertilla akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye maandishi mekundu.

"Ha-ki-na," alisoma. "Hakina. Mwi-sho." Akainua uso. "Hakina mwisho."

Kwanza darasa lilimpigia makofi, maana alisoma bila kusaidiwa. Kisha likaelewa alichosoma.

"Ametuibia huyo mtu wa maktaba!" Mzee Wilibrodi akasimama na fimbo yake. "Kumuuzia mtoto kitabu kilichokatwa! Kesho nakwenda kwa mwenyekiti, barua ipelekwe mjini, duka lile lifungwe."

"Lifungwe," wengine wakaitika.

Hapo Epifania alikuwa ameshapona. Alitakiwa anyamaze tu. Lakini alimwona Ndugu Ambilikile na penseli yake, anaulizwa na wakubwa kosa ambalo hakulifanya, na chumba kile kinarudi kuwa stoo ya mafagio.

"Nilichana mimi," alisema. "Kilikuwa kizima. Nilikichana ili kiwe cha senti thelathini, nilete vitatu, mnisifu. Na karatasi zenyewe zimevutwa." Akamtazama Mzee Wilibrodi. "Shikamoo, Babu. Na wewe ulikuwepo."

Mzee Wilibrodi akakaa taratibu. Alijinusa vidole.

Jumamosi iliyofuata Epifania alikwenda mjini peke yake, akayarudia maneno yaleyale mbele ya Ndugu Ambilikile. Yalikuwa mazito zaidi mara ya pili. Yeye alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kikohozi kile," alisema, "nilidhani una kifua." Akafikiri. "Jumamosi nne utakuja kunisaidia kubandika vitabu. Na Alhamisi waambie darasa waandae kalamu."

Alhamisi Ndugu Ambilikile alifika kwa baiskeli, suruali ameibana kwa vibanio vya nguo. Karatasi nane safi akazigawa. Kisha akasimama mbele, akausimulia mwisho wa hadithi kwa kichwa, sentensi moja moja, na wanafunzi wakauandika wenyewe, kila mtu sentensi yake, ndimi nje. Sentensi nyingine zilipanda mlima, nyingine zilianguka bondeni. Ilipofika kwamba mwizi ni karani wa mnada, yuleyule aliyeongoza msako, Bibi Bertilla akavunja kalamu.

"Nilimshuku tangu ukurasa wa pili," Mzee Wilibrodi alisema. Hakuna aliyemwamini.

Babu Clemens alikuwa amesimama dirishani. Kisomo alikikataa tangu kianze.

"Ingia, Mzee," Ndugu Ambilikile akamwita. "Wewe ndiwe uliyekimaliza kitabu hiki kabla ya wote. Neno la mwisho ni lako."

Bibi Bertilla akamshika babu mkono, herufi kwa herufi. Neno MWISHO lilijaza nusu ya karatasi.

Epifania akazibandika kurasa zote kwa uji wa ngano. Ndugu Ambilikile akakipima kitabu mkononi, akafuta maandishi mekundu, akamgeukia.

"Sikiliza, Epifania. Kutafuta kitu rahisi si kosa, mimi nauza rahisi ili mpate kusoma. Lakini kitu kikiwa rahisi kwa sababu wewe umekiharibu, hicho umekiiba, na umewaibia hawa waliokuamini. Umefanya vizuri kusema wakati ungeweza kunyamaza. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi. Sasa, akina mama, maktaba inakihitaji kitabu hiki. Nawapa shilingi moja."

Bibi Bertilla akakifunga kwenye kitambaa chake, mafundo mawili.

"Hakiuzwi," alisema. "Ila ukitaka kukiazima, kuna utaratibu. Na usikirudishe kimepungua."