Bodi Iliyosema Jina la Mwingine

“Bhoke, stima imepotea. Joto 31. Angalia mayai.”

Bhoke alisoma meseji hiyo akiwa amesimama mbele ya mashine yake ya kuangua vifaranga pale Suna, Migori, na balbu ndani ilikuwa inawaka vizuri. Kipimajoto cha kioo kilionyesha 37.7. Sasa stima gani imepotea?

Mashine hiyo aliitengeneza Byron, mchumba wake. Ndani yake kuna bodi ndogo, inatosha kiganjani, yenye laini ya simu na betri yake: inapima joto, inawasha na kuzima balbu, na inamtumia mwenye mayai meseji. Jumatano Byron aliichukua akaiunganishe na laptop yake aibadilishie programu, pamoja na nyingine kama hiyo ya mteja wa Homa Bay. Alhamisi akairudisha. Tangu hapo meseji zikawa za uongo.

Alimpigia. Byron akasema yuko mbali, angeiangalia Jumatatu. Lakini mayai yalikuwa siku ya kumi na tisa, yamebakisha mbili tu kuanguliwa. Bhoke akaweka chupa za maji moto katikati ya mayai, akafunika kwa blanketi, akachomoa bodi na kwenda mbio kwa Hamud, fundi wa simu na kompyuta.

Hamud alichomeka waya. Kompyuta haikuona kitu.

“Imekufa?” Bhoke aliuliza.

“Tulia, dada. Hii waya ni ya kuchaji tu, haipitishi data. Hata mimi hunidanganya.”

Akaleta waya nyingine. Taa nyekundu ya bodi ikawaka. Bhoke akatabasamu, kwa sababu alijua kinachokuja. Bodi za Byron zote, ukiziunganisha na kompyuta, kwanza humsalimu mwenye bodi kwa maneno aliyoandika Byron. Ya Bhoke ilisema: Bhoke wangu, ni mimi na wewe. Siku aliyoyasoma mara ya kwanza ndiyo siku aliyokubali kuolewa.

Hamud alisoma, halafu akamgeuzia kioo cha kompyuta.

“Karibu nyumbani, Mwalimu Terry. Ni mimi, Baba Sammy.”

Chini yake ilikuwepo namba ya simu ambayo meseji zinaenda. Haikuwa yake.

“Labda ni ya mteja,” Hamud alisema polepole.

“Mteja anakaribishwa nyumbani?”

Bhoke akatoka nje, akaomba kimoyomoyo Mungu ampe sauti, akapiga namba hiyo.

“Mwalimu Terry? Naitwa Bhoke, niko Migori. Mashine yako ya mayai iko na stima?”

“Stima imepotea tangu asubuhi huku Homa Bay. Lakini meseji zinasema joto ni 37.7, na mimi nimekaa hapa kwa baridi. Wewe umejuaje?”

“Mashine yako inaniambia mimi. Yangu inakuambia wewe. Aliyezirudisha alizichanganya.”

“Byron?”

“Byron. Ni nani kwako?”

“Ni bwana yangu, dada. Baba ya mtoto wangu. Tuko mwaka wa sita.” Terry alishusha sauti. “Na kwako?”

Nyumbani kwao Bhoke, Byron aliapa mbele ya baba yake kwamba hajawahi kuoa. Mama yake Bhoke tayari alikuwa ameshona nguo za harusi.

“Kesho majina yetu yanasomwa kanisani mara ya tatu. Ya mwisho.”



“Mayai yako ni siku ya ngapi?” Terry aliuliza.

“Kumi na tisa.”

“Basi rudisha hiyo bodi kwa mashine sasa hivi. Itafanya kazi tu. Hayo mayai hayajatukosea.”

Ndipo Bhoke akalia, pale pale barabarani, na boda boda wakimpisha.

Jioni Byron akatuma meseji: “Jaber wangu, mrembo wangu, kesho ni suti ya kijivu.” Bhoke akaifuta.

Jumapili Pasta Nyamweya alisoma majina mawili, akauliza kama kuna mwenye sababu ya kuzuia ndoa hiyo. Watu wakatazamana kwa mazoea, maana hakuna anayesimamaga.

Bhoke akasimama.

“Pasta, sababu ninayo mimi. Huyu yuko na bibi Homa Bay, na mtoto. Nimeongea na yeye.”

Watu wakaanza kunong'onezana. Mama yake akashika kichwa. Byron akainuka nusu, uso umemkauka kwenye suti ya kijivu.

“Bhoke, kaa chini. Tutaongea nyumbani.”

“Nyumbani kwa nani, Baba Sammy?”

Jina hilo ndilo lililomkalisha.

Bhoke naye akaketi, mkono wa mama yake ukitafuta wake. Ndani ya mkoba simu ikatetemeka. Meseji ilitoka Homa Bay, kutoka kwa ile bodi iliyobaki na jina lake katika nyumba ya mwanamke mwingine.

“Bhoke, stima imerudi. Joto 37.7. Mayai yako salama.”