Nilipika Chai ya Wageni, Wivu Ukanipika Mimi

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mkazi wa Kibiti, mama wa watoto wawili ambao sasa wana maisha yao. Haya ninayoyaandika sijawahi kumweleza mtu yeyote yote kwa pamoja, hata wanangu. Nimeona niyaseme, maana huenda yupo dada mmoja ambaye leo anamtazama mdogo wake kwa jicho lile nililomtazamia mimi wa kwangu...

Nililelewa na bibi mzaa mama. Bibi Somoe alikuwa msukaji wa mikeka, lakini siyo hii ya kulalia tu. Kwa ukindu alioutia rangi mwenyewe alisuka ndege, mitumbwi, mashamba ya mpunga yaliyofunikwa na mafuriko. Watu walitoka Dar es Salaam, wengine Ulaya, kuja kuiona kazi yake katika nyumba ile ile ya udongo yenye baraza pana aliyojengewa na babu.

Ndoa yangu ya Ikwiriri ilipovunjika nilirudi kwake. Nilimkuta vidole vimekakamaa. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza kitandani miaka miwili. Mkeka wake wa mwisho alikuwa amesuka ukili wote, ule utepe mrefu unaoungwa kuwa mkeka, ila hakuweza kuushona. Akawa anaelekeza kwa macho tu, mimi nashona. Siku nilipomaliza pindo alilia, nami nikalia. Wiki tatu baadaye akafariki.

Baada ya arobaini akaja Zuhura, binti wa mama yangu mdogo, ninayemzidi miaka kumi. Alikuwa ameolewa Salale huko deltani, mume akafa maji, naye akarudi na binti yake wa miaka sita. Nilimpokea kwa moyo mweupe, Mungu ni shahidi.

Wazo la chai lilikuwa lake. Alisema wageni wanaopita kwenda mbugani na deltani wanaulizia nyumba ya Bibi, kwa nini tusiwakaribishe chai ya saa kumi barazani, wakae, waitazame mikeka ukutani, wasikie habari zake? Mjomba Athumani wa Utete, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akatupa baraka zake.

Wakaja kweli! Mimi nikawa jikoni, maana mkono wangu wa kupika unajulikana. Vitumbua vya mchele wa kwetu, mkate wa kumimina, sambusa za kamba, chai ya maziwa yenye iliki. Zuhura akawa barazani na kanga zake zilizonyooka, akimimina chai na kusimulia. Siku ya kwanza kabisa alikuja jikoni kuniita nikasalimie wageni. Nikakataa, nikamwambia nimejaa masizi, aniache. Akaniita tena siku nyingine, nikamkatalia kwa ukali. Hakunisumbua tena.

Basi hapo ndipo shetani aliponipata.

Kutoka jikoni nilikuwa nasikia vicheko. Nasikia wageni wakimsifu Zuhura, Zuhura, Zuhura. Nikichungulia mlangoni namwona amesimama mbele ya mkeka wa mwisho, ameuwekea mkono, baadhi ya wageni wanafuta machozi. Maneno siyasikii vizuri, nasikia tu "siku ya kushona pindo"...

Jamani, yeye alikuwepo? Alimgeuza Bibi kitandani hata siku moja? Nilijua moyoni kuwa ameichukua habari yangu na kuifanya yake. Sikumuuliza. Mtu mwenye wivu haulizi, anakusanya tu. Nikaanza kuchukia hata alivyoshika birika. Nikaanza kumchukia mtoto wake, mtoto asiyejua kitu!

Siku moja ya gulio, Zuhura alipokwenda kununua mchele, niliushusha mkeka ule ukutani, nikaukunja, nikaufunga kwenye shuka na kupanda nao basi hadi Ikwiriri. Nilimwachia shoga yangu mwenye stoo ya ufuta, nikamwambia anitunzie. Kisha nikampigia simu Mjomba, nikamwambia kwa sauti ya huzuni kuwa mkeka wa Bibi haupo na nina shaka Zuhura amempa mgeni.

Mjomba alikuja kesho yake, tukakaa kikao sebuleni. Alimuuliza Zuhura mkeka uko wapi. Zuhura akasema hajui, akasema yuko tayari kuapa. Halafu akanigeukia mimi.

"Dada, wewe unanijua. Mwambie Mjomba."

Nikainamisha kichwa. Ule ukimya wangu, wasomaji, ndio uliomhukumu. Mjomba alimnyang'anya ufunguo wa nyumba, akaukabidhi kwangu. Kesho yake asubuhi Zuhura alimshika binti yake mkono wakarudi Salale kwa wakwe, mahali ambapo hakuwa tena na mume.

Nikapata nilichokitaka. Nikavaa kanga mpya, nikakaa barazani. Na je, nilifurahi? Wageni waliponiuliza habari za Bibi nilijibu mawili matatu, ulimi ukawa mzito. Walikunywa chai, wakatazama saa zao, wakaondoka. Mmoja aliuliza pale palipo wazi ukutani palikuwa na nini. Nikajifanya sikusikia.

Miezi minne baadaye akaja mama mmoja wa makamo, mwalimu wa sanaa kutoka Dar, ambaye alishawahi kufika. Alinitazama sana, kisha akauliza, "Wewe ndiye dada yake Zuhura? Yule aliyemaliza mkeka wa mwisho?"

Nikamuuliza amejuaje.

"Si ndiyo habari anayotusimulia? Alituambia dada yake ndiye aliyemuuguza Bibi na kushona pindo lile, na kwamba yeye mwenyewe hakuwepo na atajuta maisha yake yote. Tukataka kuja jikoni kukupa mkono. Akatuomba tusije, akasema hupendi kuonekana na watu."

Birika lilinidondoka, chai ikamwagika sakafuni, mgeni akawa ananipa pole akidhani nimeungua...

Sikungoja. Nilikwenda Ikwiriri kuuchukua mkeka nimrudishie Zuhura heshima yake. Shoga yangu alinifungulia stoo kwa aibu. Masika yalikuwa yamevujisha bati, na mchwa wameingia. Nilipoufungua ulibomoka mikononi mwangu. Ndege wote wa Bibi wakawa vumbi.

Nilikwenda Utete nikapiga magoti mbele ya Mjomba, nikasema kila kitu. Hakunipiga, hakunitukana. Aliniambia nikitoka nifunge mlango. Mpaka leo salamu yangu haitikii.

Kisha nikashuka Nyamisati, nikapanda boti hadi Salale. Nilimkuta Zuhura anaanika kamba wabichi juani, amekonda, mikono imechanika. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama kwenye tope. Alisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akanikaribisha ndani. Nilimwomba arudi Kibiti, nyumba iwe yake, mimi nipike tu.

"Nimekusamehe, Dada, kwa ajili ya Bibi," alisema. "Lakini siwezi kula tena chakula ulichokipika wewe. Nitakuwa naogopa."

Nilirudi peke yangu. Wageni hawaji tena. Kila alasiri napika chai ya kikombe kimoja, nainywea jikoni.

Wasomaji wenzangu, wewe uliye nyuma ya ukuta unasikia mwenzako akisifiwa, nakuomba utoke. Nenda na masizi yako usikilize anachosema. Ukiumia, muulize mdogo wako uso kwa uso siku hiyo hiyo. Mimi ningelipiga hatua saba tu kutoka jikoni hadi barazani, ningelisikia jina langu likitajwa kwa upendo. Sikuzipiga... na mdogo wangu sinaye tena.